Hagi kocha: alikwama Galatasaray na Steaua, akabeba ubingwa mara mbili na vijana wa Ovidiu. Sababu ni nini hasa?

#1 Namba Kumi Halisi
Wakuu, habari za jioni.

Gheorghe Hagi mchezaji hana mjadala humu. Mechi 124 na mabao 35 akiwa na Romania, Kombe la Dunia 1990, 1994 na 1998, Real Madrid, Barcelona, Kombe la UEFA na Galatasaray mwaka 2000. Ninayetaka tumjadili ni Hagi kocha, maana hesabu yake hainiingii.

Mwaka 2001 anapewa timu ya taifa, anatolewa na Slovenia kwenye mtoano wa kwenda Kombe la Dunia. 2003 yuko Bursaspor, hamalizi msimu. 2004 Galatasaray, 2005 anaondoka. Politehnica Timișoara, muda mfupi. Steaua 2007, miezi mitatu. Galatasaray tena Oktoba 2010, Machi 2011 yuko nje. Miaka kumi, vibarua sita, kombe moja.

Halafu mtu huyo huyo anakaa kwenye benchi la Viitorul, timu aliyoianzisha mwenyewe mwaka 2009 pale Ovidiu, jirani na Constanța, na anachukua ubingwa wa Romania 2017. Kombe la Romania 2019. Timu inaunganishwa na Farul, ubingwa tena 2023.

Hoja yangu: Hagi alishinda pale tu ambapo hapakuwa na mtu wa kumfukuza. Anayepinga aje na sababu.

#2 Beki Mkongwe
Sentensi yako ya mwisho imemaliza kila kitu. Steaua ndiyo ushahidi. Mmiliki, Gigi Becali, alitaka kupanga kikosi, Hagi akagoma, akafukuzwa.

#3 Dada wa Takwimu
Kaka #2, hakufukuzwa, alijiuzulu. Ilikuwa Septemba 2007, siku chache baada ya kufungwa 2-1 na Slavia kule Prague, mechi ya kwanza ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Na makundi yenyewe aliifikisha yeye: aliitoa Zagłębie Lubin, kisha BATE Borisov. Sababu ya kuondoka ndiyo hiyo uliyotaja, mmiliki kuingilia upangaji. Ila tofauti ya kufukuzwa na kujiuzulu ni kubwa kwenye hoja ya #1. Mtu aliyeondoka mwenyewe akiwa na timu makundini huwezi kumweka kapu moja na aliyeondolewa kwa matokeo.

#4 Ali Sami Yen
Na mimi nimtetee kwenye ile Galatasaray ya kwanza. Msimu wa 2004-05 alimaliza wa tatu, nyuma ya Fenerbahçe na Trabzonspor, tofauti ya pointi chache tu. Fainali ya Kombe la Uturuki, Mei 2005, akaipiga Fenerbahçe 5-1. Tano moja, kwenye fainali, dhidi ya mahasimu. Franck Ribéry alifunga siku ile, kijana aliyekuwa ameletwa Januari kutoka Metz.

Kilichofuata ndicho cha kuangalia. Ribéry aliondoka kwenda Marseille akidai hajalipwa mishahara, kesi ikafika mahakama ya michezo. Hiyo ndiyo klabu aliyokuwa akiifundisha Hagi: haina fedha, wachezaji wanadai. Ukisema "alikwama Galatasaray" bila kutenganisha awamu ya kwanza na ya pili unamwonea.

#5 Beki Mkongwe
Dada #3 nimekuelewa, alijiuzulu. Lakini hebu #4 atuambie na awamu ya pili basi.

#6 Ali Sami Yen
Awamu ya pili sina la kutetea sana. Alichukua timu kwa Frank Rijkaard Oktoba 2010, Tugay akiwa msaidizi wake. Timu ilikuwa mbovu kabla hajafika na ikaendelea kuwa mbovu. Galatasaray walimaliza wa nane msimu ule. Mwaka uliofuata Fatih Terim akarudi, kikosi kikasukwa upya, wakawa mabingwa. Hapo utaona tatizo lilikuwa kikosi kwa sehemu kubwa, maana Terim hakuwatumia wale wale.

#7 Mzee wa Makaratasi
Wote mnazungumzia makocha na wamiliki. Mimi naona kalenda.

Akademi ilianza 2009. Florinel Coman amezaliwa 1998. Dragoș Nedelcu 1997, Tudor Băluță 1999, Răzvan Marin 1996. Toa mwaka wa kuzaliwa kwenye 2009: walikuwa na miaka 10 hadi 13. Ongeza miaka minane: wana 18 hadi 21, na mwaka ni 2017. Ubingwa ulikuja mwaka ule ule ambao darasa la kwanza lilikomaa. Nani alikuwa kwenye benchi si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni kwamba vijana hao walilelewa kwenye mfumo mmoja bila kubadilishiwa.

#8 Winga Teleza
Na Ianis Hagi naye alikuwemo, mtoto wa mzee. Ubingwa wa familia ule.

#9 Dada wa Takwimu
Ianis hakuwemo, mdogo wangu. Aliuzwa Fiorentina majira ya joto 2016, kwa hiyo msimu wa ubingwa alikuwa Italia. Alirudi Viitorul Januari 2018, akawa nahodha, akalibeba lile Kombe la Romania 2019 walipoifunga Astra Giurgiu 2-1 kwa dakika za nyongeza, kisha akaenda Genk, halafu Rangers.

Na Marin mliyemtaja #7 naye hakumaliza msimu. Standard Liège walimchukua dirisha la Januari 2017. Bingwa aliuza kiungo wake katikati ya safari na bado akafika.

#10 Mzee wa Makaratasi
Ahsante dada, hapo umenisaidia. Unamuuza Marin, nafasi yake inajazwa na kijana ambaye tangu utotoni amefundishwa kazi ile ile, na timu haitikisiki. Kwa klabu inayonunua kila dirisha hilo haliwezekani.

#11 Namba Kumi Halisi
Mzee #10, kalenda nzuri, lakini nani aliyewapa vijana hao nafasi ya kucheza ligi kuu wakiwa na miaka 16 au 17? Cristian Manea aliitwa timu ya taifa akiwa na miaka 16, mwaka 2014, akiwa mchezaji wa Viitorul. Kocha wa kuajiriwa akipoteza mechi nne na beki wa miaka 16 anafungasha. Hagi akipoteza nne anampanga tena ya tano. Tumerudi pale pale kwenye umiliki.

#12 Chaki Nyeupe
Naingia kwa upande wa ufundi, maana naona umeachwa.

Mfumo wa Hagi ni 4-3-3, na timu zote za akademi zilifundishwa huo. Kipa anaanza fupi. Mabeki wa kati wanatanuka hadi kwenye kona za boksi. Namba sita anashuka kuchukua mpira katikati yao. Mabeki wa pembeni wanapanda usawa wa viungo, mawinga wanakaa kwenye chaki. Wakipoteza mpira, wanakaba hapo hapo walipo, hawarudi kwanza.

Sasa angalia unavunjikia wapi. Namba sita akipokea akiwa ameipa mgongo goli la mpinzani na hajaangalia nyuma kabla ya pasi kufika, anaporwa mita 25 kutoka goli lake, mabeki wa pembeni wote wawili wako mbele. Hiyo ni nafasi ya bao moja kwa moja. Tabia ya kuangalia bega kabla ya kupokea inajengwa mtoto akiwa na miaka 11 au 12. Huwezi kumpa mchezaji wa miaka 29 aliyesajiliwa Agosti akaizoea kufikia Oktoba.

Kwa hiyo Bursaspor, Timișoara na Galatasaray ya 2010 alikuwa anafundisha kitu kinachohitaji miaka, ndani ya miezi. Hoja yangu iko nje ya fedha na nje ya kufukuzwa. Ni aina ya mpira anaoutaka.

#13 Ali Sami Yen
#12 umesema vizuri. Ila aliutoa wapi mpira huo? Kwa Johan Cruyff Barcelona 1994 hadi 1996?

#14 Chaki Nyeupe
Cruyff ni nusu. Nusu nyingine ni Mircea Lucescu. Lucescu ndiye aliyempa mechi ya kwanza timu ya taifa mwaka 1983, Hagi akiwa na miaka 18. Akawa naye tena Brescia, ile Brescia ya Waromania: Hagi, Florin Răducioiu, Ioan Sabău, Dorin Mateuț. Walishuka daraja 1993, wakapanda tena 1994. Na msimu wa mwisho wa Hagi uwanjani, 2000-01 Galatasaray, kocha alikuwa Lucescu. Imani ya kumpanga kijana mapema aliiona kwake mwenyewe kabla hajafika Hispania.

#15 Kipa wa Akiba
Wakuu, kuna kitu kimoja hakijaguswa: namna ligi yenyewe ilivyochezwa.

2016-17 ligi ilikuwa na timu 14. Mechi 26 za kwanza, kisha timu sita za juu zinatengwa, pointi zao zinagawanywa kwa mbili, zinacheza mechi 10 nyingine. Timu iliyokuwa mbele kwa pointi 8 inajikuta mbele kwa 4. Mwisho Viitorul na FCSB, ile klabu ya Becali iliyokuwa ikiitwa Steaua, wote walikuwa na pointi 44. Mfumo wa kawaida wa mechi zote kuhesabiwa sawa, nani anajua ingekuwaje? Nasema ubingwa ule ulisaidiwa na kanuni, na Viitorul wakashinda kwa tofauti ya mabao.

#16 Dada wa Takwimu
Hapo mwisho si sahihi. Hawakutenganishwa kwa tofauti ya mabao. Walitenganishwa kwa matokeo ya wao kwa wao, Viitorul wakawa juu. FCSB walilalamika sana, wakitaka kanuni isomwe vingine, na malalamiko yao hayakubadilisha bingwa.

Kuhusu kugawanya pointi, kumbuka kunapunguza pengo la kila timu, kubwa na ndogo. Huwezi kusema kulimsaidia Hagi mpaka uonyeshe alikuwa nyuma wakati wa kugawanya.

#17 Kipa wa Akiba
Nakubali la wao kwa wao. La pili sikubali. Timu yenye kikosi kifupi inafaidika zaidi msimu ukikatwa vipande viwili, kwa sababu mechi 10 za mwisho zinakuwa na uzito mara mbili, na vijana wakiwa kwenye upepo mzuri wiki nane wanaweza kumpita mkubwa. Msimu mrefu wa kawaida ungewachosha.

#18 Mlinzi wa Kumbukumbu
Mnamzungumzia Hagi kana kwamba ni wa kwanza kubeba ubingwa na timu ndogo Romania. Angalieni orodha:

2009 Unirea Urziceni, mji mdogo kabisa, kocha Dan Petrescu.
2011 Oțelul Galați, kocha Dorinel Munteanu.
2016 Astra Giurgiu, kocha Marius Șumudică.
2017 Viitorul.

Ndani ya miaka minane, mabingwa wanne wapya ambao hawakuwahi kuchukua kabla. Steaua, Dinamo na Rapid walikuwa wameyumba kwa madeni na migogoro, CFR Cluj nao walikuwa wamekatwa pointi kwa sababu ya fedha. Mlango ulikuwa wazi. Petrescu na Munteanu, wenzake Hagi wa kikosi cha 1994, waliupitia kabla yake na hawakuwa wamiliki wa kitu chochote. Hoja ya #1 inaangukia hapo.

#19 Namba Kumi Halisi
Mkuu #18, wako wapi leo hao wa 2009 na 2011? Unirea Urziceni ilikufa 2011, miaka miwili baada ya kuifunga Rangers 4-1 Ibrox kwenye Ligi ya Mabingwa. Oțelul ile ilifilisika 2016. Zilikuwa timu za mwenye fedha kuamka siku moja akaamua kutumia, halafu akaacha. Hagi alirudia ubingwa miaka sita baadaye na wachezaji tofauti. Hilo hao wengine hawakulifanya.

#20 Mhasibu wa Soka
Niongezee hapo kwa #19, kwa sababu swali la kwa nini Viitorul haikufa kama Urziceni lina jibu la kihasibu.

Klabu inayolea mchezaji inalipwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni ada ya kumuuza. Ya pili ni fidia ya malezi, inayolipwa mchezaji anaposaini mkataba wa kwanza wa kulipwa nje, na kila anapohama hadi mwaka anaotimiza miaka 23. Ya tatu ni mgao wa mshikamano wa FIFA: asilimia 5 ya ada ya kila uhamisho wa kimataifa hurudi kwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23.

Mgao unagawanywa hivi. Kwa kila mwaka kati ya 12 na 15, klabu inapata asilimia 0.25 ya ada. Kwa kila mwaka kati ya 16 na 23, asilimia 0.5. Kijana aliyekaa nawe kuanzia miaka 12 hadi msimu wa miaka 18: miaka minne ya kwanza inakupa asilimia 1, mitatu inayofuata asilimia 1.5. Jumla 2.5. Akiuzwa baadaye kwa euro milioni 10 kati ya nchi mbili, unapokea 250,000 bila kufanya lolote. Akiuzwa tena, unapokea tena. Weka juu yake kipengele cha asilimia ya mauzo yajayo ambacho muuzaji mwerevu anakidai kwenye mkataba.

Kinachoharibu ni nyaraka. Pasipoti ya mchezaji, ile orodha ya klabu na tarehe alizosajiliwa, ikiwa na pengo, mwaka huo haulipwi. Na kudai kuna ukomo wa muda, klabu nyingi zinalala hadi haki inapita.

Hagi alitia mamilioni ya euro yake mwanzoni. Lakini akademi ilianza kujirudishia kwa Coman kwenda FCSB, Marin kwenda Ubelgiji, Băluță kwenda Brighton, baadaye Adrian Mazilu kwenda Brighton pia. Kocha mwenye kiwanda nyuma yake hahitaji kumwomba mtu usajili.

#21 Winga Teleza
Mhasibu leo umefungua darasa. Kwa hiyo Coman kwenda FCSB haikuwa na mgao wa mshikamano wa FIFA kwa kuwa zote ni za Romania?

#22 Mhasibu wa Soka
Ndivyo. Hapo wanategemea ada yenyewe na kile kipengele cha mauzo yajayo. Mgao unaanza kuhesabiwa anapovuka mpaka, au klabu mbili za ndani zikihamishana mchezaji aliyelelewa kwa sehemu nje ya nchi.

#23 Kijani Mpaka Kesho
Nauliza kidogo nje ya mada. Aristică Cioabă aliyeifundisha Azam mara mbili naye ni wa kizazi hicho cha Hagi?

#24 Mlinzi wa Kumbukumbu
Ni Mromania, lakini hakuwa mchezaji wa timu ya taifa ya akina Hagi. Ni kocha aliyezunguka, Afrika ikiwemo. Ukitaka Mromania wa 1994 aliyepata makombe mbali na kwao, tafuta kocha mwenyewe wa kikosi kile, Anghel Iordănescu. Alichukua ubingwa wa klabu za Asia mara mbili, Al-Hilal mwaka 2000 na Al-Ittihad 2005, zote za Saudia.

#25 Kijani Mpaka Kesho
Ahsante. Nilidhani tutaambiwa Chamazi nako Hagi kapita.

#26 Beki Mkongwe
Wana Azam bwana, kila uzi lazima mpitie Chamazi kwanza.

Tukiwa huko nje ya mada: kuna anayekumbuka Hagi alivyofika Steaua? Walimnunua kutoka Sportul Studențesc kwa ajili ya mechi ya Dynamo Kyiv.

#27 Dada wa Takwimu
Hawakumnunua kwanza. Alikuwa Sportul, mfungaji bora wa ligi misimu miwili mfululizo, 1985 mabao 20 na 1986 mabao 31. Steaua walimchukua kwa mkopo wa mechi moja tu, Super Cup ya Ulaya, Februari 1987 Monaco. Akafunga bao pekee, faulo, 1-0. Hawakumrudisha. Kwa klabu iliyokuwa ya jeshi nyakati zile, Sportul wangefanya nini.

#28 Samba wa Yaoundé
Na mkumbuke 1990 kule Bari, Hagi akiwa kikosini, Roger Milla aliwatia mbili ndani ya dakika kumi. Cameroon 2, Romania 1. Wenye kumbukumbu ya Colombia 1994 na lile shuti la mbali juu ya Óscar Córdoba waiweke na hii kando.

#29 Chaki Nyeupe
Tumekusikia Samba, haki yako.

Narudi kwenye kocha. Wanaosema mfumo na vijana vinatosha watazame Ulaya. Bingwa wa 2017 aliifunga APOEL 1-0 nyumbani, akaenda Nicosia akafungwa 4-0 baada ya dakika za nyongeza. Bingwa wa 2023 aliifunga Sheriff Tiraspol 1-0 nyumbani, akaenda ugenini akafungwa 3-0, tena baada ya dakika za nyongeza. Miaka sita kati yake, wachezaji tofauti, kifo kile kile. Katikati hapo, 2019, Gent waliwafunga 6-3.

Sababu naiona hivi. Kukaba juu dakika 90 kunahitaji kubadilisha watatu wa mbele wote bila kupoteza ubora. Viitorul ilikuwa na 11 wazuri na benchi la watoto zaidi. Dakika ya 95 presha ya kwanza inachelewa hatua mbili, mpinzani anapita mstari wa kwanza, na mabeki wa pembeni wako juu kama kawaida. Kocha mwenye uzoefu wa Ulaya angeshusha mstari akiwa bado mbele kwa jumla ya mabao. Hagi hakushusha. Hapo ndipo naona ukocha wake una mpaka, hata akiwa kwake.

#30 Ali Sami Yen
Sikubaliani kidogo. Kama angeshusha mstari asingekuwa Hagi, na vijana wale wasingeuzwa Ubelgiji na Uingereza. Wanunuzi walikuwa wanatazama mechi zile zile.

#31 Mzee wa Makaratasi
Kuna jambo la 2023 linaloniharibia hata mimi hoja yangu ya kalenda, na nalisema wazi. Kikosi cha Farul hakikuwa cha vijana tupu. Denis Alibec, mzaliwa wa Mangalia, alikuwa na miaka 32 na alikuwa ameshachukua ubingwa na Astra 2016. Ukiangalia ile mechi ya kuamua, Mei 21, 2023, pale Ovidiu, FCSB walikuwa mbele 2-0, Farul wakageuza 3-2 na kuchukua ubingwa raundi moja kabla ya mwisho. Timu ya watoto peke yake hairudi kutoka 2-0 siku ya ubingwa.

#32 Kipa wa Akiba
Na Farul ya 2023 ilikuwa na kanuni ya kumpanga kijana wa chini ya miaka 21 upande wake. Ilipoanza, klabu nyingine zilihangaika kutafuta kijana wa kujaza nafasi. Hagi alikuwa nao foleni. Kanuni hiyo haikuwepo 2017, lakini kwa 2023 ni faida halali ya kuhesabiwa.

#33 Mlinzi wa Kumbukumbu
Mtu aeleze na huo muungano basi, maana kuna wanaodhani Hagi aliinunua Farul ikiwa ligi kuu.

#34 Dada wa Takwimu
Kwa ufupi. Farul ni klabu kongwe ya Constanța, ndiyo iliyomlea Hagi mwenyewe. Kufikia 2021 ilikuwa daraja la pili, Ciprian Marica akiwa mwenye klabu. Viitorul ilikuwa ligi kuu lakini haina mashabiki wengi, na uwanja wake Ovidiu unachukua watu 4,500 hivi. Juni 2021 wakaungana: nafasi ya ligi kuu na akademi zikatoka Viitorul, jina na historia vikatoka Farul. Hagi, Marica na Gheorghe Popescu wakawa pamoja. Popescu ni mwanyumba wake Hagi, wameoa mtu na ndugu yake. Kwa hiyo 2023 ukawa ubingwa wa kwanza wa ligi kwa jina la Farul.

#35 Namba Kumi Halisi
Angalia hapo #34: wamiliki walikuwa yeye, rafiki na mwanyumba. Nani angemfukuza?

#36 Chaki Nyeupe
Namba Kumi hujachoka tu.

Nikupe ratiba yake. Viitorul ilipanda ligi kuu 2012 bila yeye kuwa kocha. Yeye aliingia benchi mwaka 2014. Msimu wa 2014-15 hawakuwa lolote. 2015-16 wakaingia sita bora. 2016-17 mabingwa. Yaani alihitaji msimu wa tatu. Vibarua vyake vya zamani, kilichozidi mwaka mmoja ni kimoja tu, Galatasaray ya 2004-05, na ndicho chenye kombe. Sababu ni muda. Umiliki ulimpa muda, lakini klabu yoyote ingempa misimu mitatu matokeo yangekuja.

#37 Beki Mkongwe
Na timu ya taifa 2001? Ule nao ulikuwa muda mfupi, au alipewa mapema mno? Aliagwa kama mchezaji Aprili 2001, kocha wa taifa László Bölöni akaenda Sporting ya Ureno, na miezi michache baadaye Hagi ndiye kocha wa wachezaji aliokuwa akivaa nao jezi mwaka mmoja nyuma. Ljubljana 2-1, Bucharest 1-1, kwaheri Korea na Japan. Hakuwa amefundisha hata timu moja kabla ya hapo.

#38 Ali Sami Yen
Hilo naliweka kwa chama cha soka. Bölöni huko Sporting alichukua ubingwa wa Ureno 2002 na msimu uliofuata akampa Cristiano Ronaldo mechi zake za kwanza. Walimwachia huyo, wakampa timu mtu ambaye viatu havijakauka.

#39 Mlinzi wa Kumbukumbu
#36, nadharia ya muda inagongana na Petrescu tena. CFR Cluj ilikuwa na mmiliki aliyebadilisha makocha kila mara. Petrescu alichukua ubingwa 2018, akaondoka, akarudi Machi 2019 msimu ukielekea mwisho, akaubeba. Akaubeba 2020, akaondoka, akarudi 2021, akaubeba 2022. Hakuna misimu mitatu hapo, hakuna umiliki, hakuna akademi. Kizazi kile kile, ligi ile ile.

#40 Chaki Nyeupe
Petrescu anacheza mpira gani lakini? Anakaa chini, anafunga katikati, anamaliza 1-0 kwa kona au kaunta. Mpira huo unafundishika ndani ya wiki sita kwa wachezaji wa miaka 30 wenye akili. Kwa hiyo mfano wako unaunga mkono #12.

#41 Mlinzi wa Kumbukumbu
Basi Hagi angejifunza na huo, akiwa Istanbul na timu mbovu mkononi mwaka 2010. Kocha anapimwa kwa kile alichonacho, siyo kwa kile angekuwa nacho baada ya miaka minane.

#42 Mhasibu wa Soka
Mkilimaliza hilo mnijibu na hili: Euro 2024, Romania 3, Ukraine 0, mabao mawili kati ya matatu yalifungwa na Răzvan Marin na Denis Drăguș, wote wa Viitorul. Hayo tunayaandika kwenye hesabu ya kocha au ya mwenye akademi?